Watafiti wanataka niwaletee wenzangu wasio na karatasi. Nikikubali nitakuwa nimewauza?

Shikamoo Bi Somo,

Naomba usitaje jina langu wala kijiji. Andika tu kwamba ni mama wa miaka 41, wa Mtwara Vijijini, karibu na mto Ruvuma, mwenye watoto watatu na mume mvuvi. Hayo yanatosha, maana huku tunajuana hadi kwa kikohozi.

Nilivushwa mto mwaka 1990 nikiwa na miaka sita, nimebanwa kwenye mtumbwi kati ya magoti ya mama. Ng'ambo, Msumbiji, kulikuwa na vita. Mama alikuwa Mmakonde wa kule, mwenye chale usoni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu, kwa hiyo yeye hakuwa na pa kujificha. Kila alikokwenda uso ulimtangulia. Mimi sina alama. Nimesoma hapa hadi darasa la saba, nimechezwa unyago hapa, nimeolewa hapa. Baba alikuwa fundi seremala wa Newala, alivuka kutafuta maisha akaoa kule na akafia kule. Bibi mzaa baba amezikwa Kitangari. Lakini sina cheti cha kuzaliwa, sina namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, sina karatasi hata moja. Mimi ni mhamiaji haramu, Bi Somo, ingawa tukigombana kisimani na mtu akaniita Mmawia, yaani Mmakonde wa ng'ambo, huwa napandwa na hasira.

Kuishi bila karatasi nimekuzoea. Laini ya simu ninayotumia ni ya mume. Mikorosho niliyoachiwa na mama napulizia salfa mwenyewe, naokota mwenyewe, lakini korosho zinaingia ghalani kwa jina la shemeji na pesa inaingia kwenye akaunti yake. Kila msimu inanifikia imepungua kidogo. Huwa sisemi.

Sasa mwezi uliopita walikuja watafiti wa chuo kimoja. Wanachunguza afya ya watu waliovuka mpaka wakaishi huku bila vibali. Walielekezwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyewatembeza nyumba kwa nyumba. Walikuwa watu wapole. Binti mmoja alinipima presha ikasoma 172 kwa 104, akanipumzisha, akapima tena, akaandika. Akanieleza kwamba nikikubali kutakuwa na mahojiano ya saa moja, yatarekodiwa, nitatolewa damu kidogo, na jina langu halitaandikwa, nitakuwa namba. Nitapewa elfu kumi kwa muda wangu, inatumwa kwa simu. Baada ya hapo nitapewa kuponi tatu niwaletee watu watatu walio kama mimi, na kwa kila atakayefika napata elfu tano. Nikamwambia nipe siku za kufikiri.

Watu hao ninao. Mtoto wa mama mdogo alikimbia Palma, huko Msumbiji, Machi 2021 na watoto wawili, mpaka leo wanalala chumba cha uani kwangu. Kuna vijana wawili wanaovuta nyavu na mume wangu. Kuna mama anayeuza ming'oko gulioni. Mume anasema niende tu, hao ni watu wa afya. Mdogo wangu huyo wa uani anasema nikimtaja tu, atahama usiku. Mpwa wangu wa kidato cha sita amesoma kwenye simu kwamba watafiti wana hati ya usiri na hata mahakama haiwezi kuwalazimisha waseme. Na kule gulioni wanasema watakaoshiriki watasaidiwa kupata vitambulisho.

Kuna jambo sijamwambia hata mume. Nataka kwenda. Si kwa sababu ya elfu kumi. Yule binti aliponiuliza, "Mama, ulifikaje huku?" koo lilinikauka, kwa sababu miaka 35 sijaulizwa swali hilo na mtu asiyetaka kunikamata wala kunicheka. Nilitaka kumjibu pale pale. Watoto wangu hawajui. Nifanyeje?

Mama wa Ruvuma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili chai ikapoa. Kama nimekuelewa, umefunga maswali mawili kwenye fundo moja. Kuna lako: kwenda kuhojiwa, kutolewa damu, kusema ulichokinyamazia tangu utotoni. Na kuna la wengine wanne, ambao hawajaniandikia. Nakuomba ulifungue fundo hilo kwanza, kwa sababu unaweza kukubali moja na kukataa jingine. Kushiriki utafiti hakumlazimishi mtu kugawa kuponi. Ukienda, ukajibu, ukaziacha zile karatasi tatu mezani, haki yako haipungui.

Mtindo wa kuponi wenyewe si wa ajabu. Watafiti wanautumia nchi nyingi kwa watu wasiokuwa kwenye orodha yoyote. Huwezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji ukaomba daftari la wasio na karatasi. Kwa hiyo wanaanza na mtu mmoja, wenyewe humwita mbegu, naye anawapa wenzake, wenzake wanawapa wenzao. Ukifanywa sawasawa, wewe humtaji mtu kabisa. Unampa karatasi yenye namba na unaondoka. Akitaka atakwenda kwa miguu yake, asipotaka ataiwashia moto jikoni, na si kazi ya mtafiti kukuuliza ulimpa nani. Lakini wewe umeandika "niwaletee". Hapo ndipo nilipositia. Huenda ni wewe umesema hivyo kwa kufupisha, huenda ni yule binti. Kamuulize. Kama kweli wanataka uwaongoze hadi kwenye nyumba za watu, wanachofanya ni kitu kingine.

Na ile elfu tano, nikwambie ukweli, mimi siipendi. Najua kwa nini imewekwa, mnyororo usikatike. Lakini siku ndani hakuna unga, elfu tano inaweza kukufanya umwambie mama wa ming'oko "nenda tu, hakuna neno" wakati hata wewe hujui kama kweli hakuna neno. Halafu fikiria msako umepita kijijini miezi mitatu baadaye, kwa sababu zake nyingine kabisa. Watu watakumbuka nani aligawa karatasi. Hutakuwa umewauza, lakini utaishi na macho yao. Kama utaamua kuzigawa, unaweza kumwambia kila mmoja wazi kwamba akienda wewe unalipwa. Akishajua hilo akaenda bado, amekwenda mwenyewe.

Mdogo wako wa uani ameshajibu. Amesema atahama usiku. Mtu aliyekimbia Palma na watoto, mwaka ambao UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilieleza kwamba maelfu waliotafuta hifadhi upande wetu walirudishwa ng'ambo, hasemi hivyo kwa kukutisha. Kuponi ya kwake usiifikirie tena. Ila hata ukienda peke yako, yeye anaweza kuingia kwenye mahojiano bila wewe kukusudia. Watakuuliza mnaishi wangapi, nani alikuja lini. Una haki ya kusema swali hili naliruka, na huna haja ya kutoa sababu. Mkakubaliane naye mapema nini kinasemwa juu yake, hata kama ni kwamba hakuna kinachosemwa.

Sasa hofu yako mwenyewe. Unaogopa karatasi ya chuo, kwamba siku moja jina lako litachomoka huko na kufika Uhamiaji. Mimi ningekuomba uogope kidogo zaidi vitu vilivyo karibu. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaleta mlangoni kwako. Najua utaratibu ndio huo, mgeni wa kikazi haingii kijijini bila kupita kwa viongozi. Lakini kama utafiti unatafuta wasio na vibali, na mwenyekiti anajua unatafuta nini, basi kila mlango waliokaa zaidi ya dakika kumi ameshauhesabu. Usiri wa chuo hauwezi kuyafumba macho yake. Huenda ni mtu mwema na anakujua tangu ukiwa mdogo, wewe ndiye unayeweza kumpima. Lakini unaweza kuomba mahojiano yasifanyike kwako, yafanyike zahanati siku ya kliniki, ambako mama kukaa benchini si habari ya mtu.

Pesa ya simu nayo ina mdomo. Laini zote siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo elfu kumi ikiingia kwa mume wako, jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za malipo. Omba upewe mkononi. Na sauti: umesema huko mnajuana hadi kwa kikohozi. Uliza nani atasikiliza ile rekodi, itafutwa lini, na kama anayeiandika ni kijana wa hapo hapo wilayani. Unaweza kukubali kuhojiwa na kukataa kurekodiwa, wakiweza kuandika kwa mkono.

Halafu sahihi. Fomu ya ridhaa huwa inatiwa sahihi au dole gumba. Kuna tafiti ambazo kamati ya maadili inaruhusu ridhaa ya mdomo tu, hasa pale ambapo ile sahihi ndiyo karatasi pekee inayokutaja. Inafaa kuuliza kama wao wameruhusiwa hivyo.

Kama ni watafiti wa kweli watakuwa na cheti cha maadili kutoka NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kama ni wageni, kibali cha COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, pia. Fomu inatakiwa iwe kwa Kiswahili, ubaki na nakala, na chini iwe na simu ya mtafiti mkuu na ya kamati iliyoidhinisha. Mwombe mpwa wako awapigie wa kamati aulize kama utafiti huo wanaujua. Hahitaji kutaja jina la mtu.

Ila mpwa wako huyo umwambie alichosoma ni cha Marekani. Kule, tafiti zinazofadhiliwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya nchi ile hupewa hati ya usiri, na tangu sheria ya mwaka 2016 hutolewa bila hata kuombwa, ili mtafiti asilazimishwe na mahakama kumtaja aliyeshiriki. Ni kinga nzuri. Lakini hakimu wa Mtwara hafungwi na hati ya Marekani, hata kama pesa za utafiti zimetoka huko. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya inazilinda kuliko nyingine. Ina milango yake, hata hivyo, kwa mambo ya usalama na makosa ya jinai. Kwa hiyo mtafiti akikuapia kwamba haiwezekani kabisa, amekuahidi zaidi ya alichonacho. Ninayemwamini ni yule anayesema: tunafuta jina, tunafungia namba, na haya hapa ndiyo tusiyoweza kukuahidi.

La vitambulisho ni maneno ya gulio. Hakuna chuo kinachotoa uraia, na mtafiti akikuambia hivyo ili ukubali, anavunja maadili yake. Isipokuwa huenda hakusema yeye, huenda watu wamejisemea kwa tamaa ya kukipata. Naelewa tamaa hiyo.

Utaniuliza, sasa ya nini kushiriki? Sikukatishi tamaa. Dawa za matende na mabusha, vyandarua, hata idadi ya wahudumu, vinapangwa kwa hesabu ya watu, na mtu asiyehesabiwa hapangiwi. Wewe unatoka nyanda za Makonde kwa baba, basi hili ulijue. Mwaka 1952 ilizuka homa huko Newala, watu wakakunjika kwa maumivu ya viungo. Wataalamu walipoiandika hawakuwa na jina, wakachukua la Kimakonde, la kujikunja. Leo duniani kote chikungunya inaitwa kwa lugha ya bibi yako wa Kitangari. Virusi vyake vilipatikana kwenye damu ya mgonjwa mwaka uliofuata, na jina la mgonjwa huyo mimi silijui, wala halinihusu. Utafiti ukienda vizuri ndivyo unavyokuwa, unabaki ugonjwa na mtu anaondoka zake.

Nirudi nyuma kidogo. Umejiita mhamiaji haramu kwa mkono wako mwenyewe. Una hakika? Umeniambia baba ni fundi wa Newala na mama yake amezikwa Kitangari. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamtambua pia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi raia. Sisemi wewe ni raia, kwa sababu hilo linataka ushahidi: wazee wa ukoo watakaoapa, kaburi, mjomba au shangazi aliye hai Newala, pengine daftari la shule ya baba. Na kuna swali ambalo lazima ujibu kwa ukweli: je, wewe au mama mliwahi kukuchukulia kitambulisho cha Msumbiji? Mtu mzima hapa haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Hata hilo likishindikana, mke wa raia ana njia yake ya kuomba. Lakini usiende dirishani peke yako na habari hii. Anza kwa msaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya mwaka 2017 wanasajiliwa na msaada wao ni bure. Sikiliza kwanza anavyoona hatari, maana kuna uwezekano wa kufungua faili ukakwama katikati, na hapo kimya chako kitakuwa kimeshavunjika. Habari ya mdogo wako ni tofauti na yako, usiichanganye kwenye mazungumzo hayo. Yeye anahitaji mtu anayejua Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo inamtaka mwombaji hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba. Zimepita zamani, na namna ya kulieleza hilo ni kazi ya mwanasheria.

Watoto wako usiwahofie sana, baba yao ni raia. Kama hawana vyeti vya kuzaliwa, fuatilieni mapema kabla mkubwa hajafika miaka 18, maana huko ndiko maswali yataanzia.

Sasa lile ulilolificha mwishoni. Unataka kusema. Nimewahi kukaa na wanawake waliobeba neno moja miaka mingi, na nimeona likianza kutoka huwa halichagui sana linamwangukia nani. Yule binti ana sikio zuri, lakini saa moja ikiisha ataandika namba na kupanda gari. Hatarudi wiki ijayo kukuuliza umelalaje. Je, ukimwambia yeye kwanza kabla ya mwanao, utajisikiaje siku mwanao atakapolisikia? Huenda utajisikia umefanya mazoezi. Wengine huwa hivyo, kumweleza mgeni kunawalainisha ulimi. Huenda pia utajisikia umempa mgeni kilichokuwa cha mtoto. Mimi siwezi kukuchagulia. Mume wako, anayejua ulikotoka lakini hajui kama unataka kusema, yuko hapo jioni akishona nyavu. Jaribu kwake sentensi moja tu uone.

Kuna kitu kimoja nimekiacha mwisho na kinanikera tangu mwanzo wa barua. Umeandika 172 kwa 104 kama vile ni bei ya nazi. Mwanangu, presha hiyo ni ya juu, na ni mwezi sasa tangu isome hivyo. Watafiti hawajaja kukutibu. Watakupima, watakupa labda barua ya kwenda hospitali, kisha dawa ni juu yako. Na wewe huhitaji kukubali utafiti wowote ili upimwe tena. Nenda zahanati asubuhi, kaa kimya dakika tano kabla hawajakufunga ule mkanda, usiwe umekunywa kahawa. Wakikuuliza jina, taja. Wakikuuliza umri, taja. Mganga wa zamu hakuulizi mtumbwi. Ukianza kuumwa kichwa sana au kuona giza au mkono ukafa ganzi, usisubiri asubuhi, mume akupeleke mjini, hospitali ya Ligula, usiku huo huo.

Ukishapima niandikie namba walizokusomea.

Bi Somo